Kuta za nyumba ya wanasesere zimepinda, vanishi imegeuka nyeupe: nitupe au kuna namna?

"Fundi, salaam aleikum. Dada yangu aliye Marekani alimletea binti yangu nyumba ya wanasesere ya kuunganisha, ile inayokuja kwenye boksi ikiwa vipande vya plaiwudi nyembamba. Tunaishi Tudor, Mombasa, karibu na maji. Mwezi wa Aprili nilizipaka kuta rangi ya maji upande wa ndani kabla ya kuunganisha, nikidhani ndiyo njia rahisi. Kesho yake zote zimejikunja kuelekea upande wenye rangi. Milango na ngazi nikazipulizia vanishi ya kopo, ikaota weupe kama ukungu. Mlango uliokuwa ukiingia kwenye fremu sasa hauingii. Seremala wa mtaani kaniambia nianike vipande juani, jirani kaniambia nitie super glue nilazimishe. Ndani ya boksi mna pia taa ndogo na transfoma, na vigae vya mbao vya paa. Binti anatimiza miaka sita mwezi wa Agosti, na ana mdogo wake wa mwaka mmoja. Je, mbao ni mbovu? Nitupe?"

Wa aleikum salaam, dada. Usitupe chochote, hata kile kipande kilichopinda kuliko vyote. Naona una hofu mbili: kwamba umeletewa plaiwudi mbovu, na kwamba mkono wako ndio ulioharibu. Kwa ulivyonieleza, ya kwanza siioni. Ya pili ina ukweli kidogo tu: ulipaka upande mmoja, tena Mombasa, tena masika. Maelekezo ya vifurushi hivi huandikwa kwa mtu anayefanya kazi kwenye chumba kikavu, pengine hita inawaka. Mwandishi wake hakumfikiria mtu wa Tudor mwezi wa Aprili.

Ubao, hata ukishakaushwa na kukatwa, huendelea kuvuta unyevu wa hewani na kuutoa. Ukivuta, nyuzi zake hunenepa. Kwa urefu wa nyuzi huoni tofauti, ila kwa upana ubao hutanuka. Plaiwudi ilibuniwa kuidhibiti tabia hiyo: tabaka hugundishwa zikiwa zimekatana, moja nyuzi zimelala kwa urefu na inayofuata kwa upana, na hesabu yake huwa witiri, tatu au tano au saba, ili ngozi ya juu na ya chini zivutane kwa nguvu sawa. Vipande vyako kwa kawaida huwa na unene wa milimita 3 hivi, yaani tabaka tatu nyembamba. Ukiipa ngozi moja kitu ambacho mwenzake hakukipata, mizani inavunjika papo hapo.

Ulipopaka rangi ya maji ndani, ngozi ile ilikunywa maji ikataka kutanuka, huku ya nyuma ni kavu na haisogei. Saa za mwanzo bila shaka ukuta ulitunisha kifua upande wa rangi. Nyuzi zikakosa pa kwenda, zikabanana. Maji yalipotoka zikanywea kupita zilivyokuwa mwanzo, na utando wa rangi nao ukikauka huvuta. Ndiyo maana asubuhi ulikuta ukuta umejikunja upande wenye rangi. Plaiwudi nzuri kuliko yako ingefanya vivyo hivyo.

Sasa ushauri wa seremala. Sitaki kumvunjia heshima, kwa sababu hakutoa neno lisilo na asili. Ubao mnene uliojikunja kweli hunyooshwa juani, ukilazwa mgongo wake, yaani upande uliobenuka, ukitazama juu: upande ule hukauka, hunywea, na ubao hurudi. Kwa mbao ya inchi nzima una muda wa kuitazama na kuiondoa. Kwa plaiwudi ya milimita 3 kwenye jua la saa sita, ukigeuka kujibu simu imeshapita ilipotakiwa na imeanza kupinda upande wa pili. Gundi ya tabaka nayo huweza kuachia, na tabaka zikishaachana kipande hicho hakina dawa. Kwa hiyo juani hapana.

Cha kufanya ni kuirudisha mizani. Chukua rangi ileile uliyopaka ndani, upake upande wa nje kwa idadi ileile ya mikono, yaani mara ngapi ulipaka. Usijali kama ni rangi ya waridi na nje ulitaka nyeupe, utaifunika baadaye. Ikishakauka kiasi cha kutonata, laza ukuta kati ya mbao mbili zilizonyooka, weka karatasi ya kaki juu na chini, kisha pandisha uzito: ndoo ya maji iliyofunikwa, vitabu, hata gunia la mchele. Karatasi ya kaki huvuta unyevu, kwa hiyo ibadilishe kila siku. Usitumie nailoni, maana hufungia maji ndani na baada ya siku chache utakuta kuvu. Uache hivyo siku nne au tano. Kipande kitakachobaki na ukaidi, futa upande wake uliobonyea kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kisha kirudishe chini ya uzito. Upande uliobonyea ndio mfupi. Ukiulowesha kidogo hutanuka na kumfikia mwenzake. Watu wengi hulowesha upande uliobenuka, wakashangaa kipande kinazidi kujikunja.

Tena si lazima kila kipande kinyooke kabisa. Nyumba hizi huunganishwa kwa ndimi zinazoingia kwenye matundu, na sakafu ikishaingia kwenye ukuta, ukuta hauna uhuru wa kupinda. Mimi hukibonyeza kipande mezani kwa ncha za vidole. Kikilala bila kulia, nakiunganisha hivyohivyo. Vinavyohitaji unyofu wa kweli ni vile visivyoshikwa na kitu pande zote, kama mabawa ya paa na milango, kwa hiyo uzito wako uanze na hivyo.

Kabla ya gundi yoyote, unganisha nyumba nzima ikavu, uishike kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Naona watu wanairuka hatua hii kwa haraka ya kuona nyumba imesimama, na kwa hali ya vipande vyako usithubutu kuiruka. Utagundua ulimi uliovimba na usioingia tundu lake. Usiupige nyundo. Usugue kwa msasa nambari 120 hadi uingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Pima kona kwa guniya, kile kipimo cha seremala cha pembe mraba, au kwa kona ya boksi lolote jipya ukikosa guniya. Sakafu ya kwanza ikienda upogo, paa halitafunga, na kosa hilo halijifichi. Ukiridhika, piga kalamu ya risasi mahali kila sakafu inapogusa ukuta, kisha bomoa.

Hizo alama zina kazi kubwa kwako, kwa sababu gundi ya mbao ikipakwa juu ya rangi haiufikii ubao. Inashika rangi, na rangi inashika ubao, kwa hiyo kiungo chako kina nguvu ya rangi tu. Pale palipopigwa alama kwangua rangi hadi ubao uonekane. Vipande ambavyo hujavipaka bado, bandika tepu kwenye ndimi na kwenye njia za sakafu, halafu ndipo upake.

Na hivyo ambavyo hujavipaka usivianze na rangi ya maji. Vipe kwanza sila ya mbao, yaani kimiminika cha kuziba uso wa ubao, ile ya thina inayouzwa hadwea kwa mafundi wa fanicha, mkono mmoja mwembamba pande zote mbili na kwenye kingo. Kingo hasa, maana ndipo ncha za nyuzi zimekaa wazi na ubao hunywa kupitia hapo kuliko usoni. Sila hiyo haina maji, hivyo haivimbishi. Ikikauka, pitisha msasa nambari 220 bila kukandamiza, ndipo rangi yoyote uitakayo ije juu. Fanya kazi hiyo nje au barazani, mbali na jiko na kiberiti, kwa sababu mvuke wa thina hushika moto, na watoto wawe kwa jirani siku hiyo.

Jirani mwenyewe kakushauri super glue. Hapana. Gundi hiyo hukazwa na unyevu, kwa hiyo kwetu hukaza upesi zaidi kuliko inavyoandikwa, na kipande kikigusa kombo hukipatii nafasi ya kukisogeza. Kiungo chake hakina mnyumbuko, na mbao za Mombasa hazitulii: masika zinavimba, kaskazi zinanywea, hadi kiungo kinapasuka. Tena mvuke wake huacha utando mweupe kwenye rangi na kwenye vioo vya plastiki vya madirisha. Gundi moto ya bunduki nayo huweka donge linalozuia vipande kukutana, na hulainika nyumba ikikaa ndani ya gari lililofungwa juani. Tumia gundi nyeupe ya mbao, na ukiipata ile iliyoandikwa kwamba haiachii kwa unyevu, bora zaidi. Paka nyembamba, bana kwa tepu au kamba, futa inayotoka kwa kitambaa kibichi, kisha ngoja. Kopo linaweza kusema nusu saa. Kwa hewa hii ngoja hadi kesho yake kabla ya kubebesha kiungo uzito, kwa sababu gundi hiyo hukaza kwa kupoteza maji na hewa yetu ya masika haina haraka ya kuyapokea.

Tuje kwenye vanishi iliyoota weupe, jambo ambalo nahisi ndilo lililokutia uchungu zaidi, maana ngazi na milango ndiyo mapambo. Thina iliyo kwenye vanishi ya kupuliza huruka haraka sana, na inaporuka hupoza uso wa ubao. Hewa yenye unyevu ikigusa uso uliopoa, maji hutonea juu yake kama yanavyotonea nje ya bilauri ya maji ya barafu, yakanaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka. Huo weupe ni maji na vanishi iliyoganda vibaya kwa ajili yake. Ubao wako chini yake ni mzima.

Mara nyingi unaondoka. Kwanza kiache kipande siku mbili mahali pakavu penye upepo, kwani weupe mwepesi huweza kujiendea. Ukibaki, waulize wauza rangi za magari thina inayokauka taratibu. Wapulizaji rangi wa gereji wanaijua vizuri, maana tatizo hili wanalo kila masika. Ukungu mwembamba wa thina hiyo huilainisha vanishi tena, maji yakatoka, ikajifunga upya ikiwa safi. Ijaribu kwanza nyuma ya kipande. Usipotaka kununua thina, sugua kwa msasa laini nambari 320 na upulize upya siku inayofaa. Siku inayofaa ni ile isiyo na mvua, na saa zake ni kati ya saa nane na saa kumi alasiri, unyevu ukiwa umeshuka. Asubuhi na usiku usipulize kabisa. Mikono iwe myembamba mitatu, wala si mmoja mzito. Kama lakini kopo lako ni la vanishi ya maji, isiyo na harufu ya thina, hadithi ni nyingine: hiyo huwa nyeupe ikiwa mbichi, na ikipakwa nzito wakati wa unyevu hubaki na ukungu muda mrefu. Iache ikauke kwa siku kadhaa kabla ya kuihukumu.

Mlango usioingia una sababu mbili zinazosaidiana. Ubao umevimba, na kila mkono wa rangi umeongeza unene kwenye kingo na kwenye fremu pia. Sugua kingo hadi kadi ya benki ipite kati ya mlango na fremu pande zote, kisha uzipe sila. Kadi hiyo ni pungufu kidogo ya milimita moja. Ukiona nafasi hiyo ni kubwa, subiri mvua zijazo. Rangi ya maji nayo hunatana ikigusana hata baada ya kuonekana kavu, hivyo pitisha mshumaa kwenye kingo ili mlango usishike. Bawaba na vijipini viwe vya shaba. Vya chuma, kwa chumvi ya hapo ulipo, vitatoka kutu ikapenya kwenye rangi nyeupe, na doa hilo ukilifunika kwa rangi ya maji hurudi.

Vigae vya paa ni mtego mwingine wa maji. Ukivigandisha kwa gundi nyeupe, unalinywesha bawa la paa maji upande mmoja tu, na vigae vyenyewe hujikunja ncha. Hapa, na hapa tu, ningetumia gundi ya viatu ile ya kupaka na kungoja, nyembamba, nje kwenye hewa, baada ya paa kupata sila pande zote. Au uviache kabisa. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina mabati juu, na katoni iliyochunwa karatasi ya juu hadi mawimbi yatokeze, ikapakwa rangi ya kijivu na madoa mawili matatu ya kutu, inafanana na bati kiasi cha kuchekesha. Ukiongeza roshani ya vijiti na baraza mbele ya mlango, binti atakuwa na nyumba anayoijua, kuliko ile ya mjini kwa wazungu iliyochorwa kwenye boksi. Hayo ni mapendeleo yangu. Usinisikilize kama yeye keshaupenda mchoro wa boksi.

Kuhusu rangi na watoto: rangi ya maji ya ndani ya nyumba kutoka kopo jipya, lenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na maandishi kwamba haina risasi, inatosha. Kenya imeweka kikomo cha risasi kwenye rangi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni, lakini kopo kuukuu lililobaki stoo la babu halikupimwa kwa kanuni hiyo, na risasi huudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usilifungue. Harufu ya vanishi na thina iishe kabisa kabla nyumba haijaingia chumbani. Kwa huyo mdogo wa mwaka mmoja, kipande chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katoni cha karatasi ya msalani kinaweza kumziba koo: vitasa, vyungu vya maua, nguzo za ngazi. Vigandishe visitoke, au vikae kwenye kopo lenye kifuniko hadi apite miaka mitatu. Vijipini visifikiwe na mkono wowote.

Transfoma hiyo usiichomeke ukutani kabla hujaisoma. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Isome ilivyoandikwa mgongoni: ikisema 100-240 iko salama, na utahitaji kibadili plagi tu. Ikisema 120 peke yake, itaungua, pengine na nyumba pamoja nayo. Taa zenyewe kwa kawaida ni za volti 12, kwa hiyo adapta ya volti 12 ya hapahapa huziwasha, mradi nguvu yake iwe imetosha idadi ya taa. Hilo mwachie fundi wa umeme alithibitishe, taa na adapta zikiwa mkononi mwake. Kama waya zimekuja za utepe wa shaba wa kubandika, mwombe akuwekee waya za kawaida zilizochomelewa, kwa sababu utepe ulio wazi huliwa na hewa ya bahari hadi taa zikaanza kupepesa.

Kuna mambo mengine ambayo maandishi hayatoshi. Kipande ambacho tabaka zake zimeachana, au kilichokatika ulimi, kipeleke kwa watengeneza mabango wenye mashine ya leza pamoja na karatasi uliyochorea umbo lake, wakukatie kingine. Ukiona unga laini kama poda chini ya kipande na vitundu vidogo, dalili ya wadudu wanaotoboa mbao, kitenge na vingine siku hiyohiyo, umwonyeshe seremala, na usikipulizie dawa ya wadudu kitu atakachochezea mtoto. Mtoto akinywa thina au vanishi, usimtapishe. Mkimbize hospitali na kopo mkononi.

Ama Agosti, unaweza kufika bila kukimbia. Mwezi huu nyoosha na uweke sila, Juni unganisha kuta na sakafu, Julai mvua zikiwa zimepungua ndipo urudi kwenye vanishi ya ngazi na milango. Paa na taa zisikutie presha. Mpe nyumba siku yake ikiwa imepakwa, milango inafunguka, vyumba vitupu, na umwachie yeye achague kama juu panakuja vigae au mabati.